Stripu imegeuka buluu, lakini imeona pombe gani?

SWALI: "Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wakulima wa korosho huku Masasi. Kila msimu mabibo mengi yanaozea chini ya mikorosho, kwa hiyo tumeamua kuyakamua, kuyachachusha na kukeneka pombe kali kihalali. Maombi ya leseni tumeshaanza. Kijana wetu mmoja aliagiza mtandaoni stripu za aina mbili. Za kwanza ni za kupima kileo kwenye mate. Za pili zimeandikwa kwamba zinapima methanoli. Kwenye pombe ya majaribio tumechovya kwenye inayotoka mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Za mate zinakuwa na rangi nzito ileile kote. Za methanoli zinageuka kidogo kote, hata kwenye chupa tuliyonunua dukani. Je, ipo stripu itakayotuambia sasa inatoka methanoli, sasa ethanoli, sasa zile nzito za mwisho? Na wazee wanasema ukimwaga kikombe cha kwanza sumu yote imekwisha. Ni kweli?"

JIBU:

Ndugu zangu wa Masasi, jibu fupi ni hapana kwa yote mawili. Hakuna stripu ya kuchovya itakayowatenganishia alkoholi moja na nyingine wakati mtambo uko motoni. Na kikombe cha kwanza mkimwage, ila msidhani methanoli, ile alkoholi yenye sumu, imekwenda nacho. Stripu zenu hazijaharibika. Zimefanya kazi yake, na kazi hiyo siyo mliyokuwa mnaitaka.

Tuanze na ile ya mate. Kile kipande kidogo cha mraba kwenye ncha ya plastiki kimelowekwa vimeng'enya viwili na rangi ambayo bado haijaamka. Kimeng'enya cha kwanza, alkoholi oksidezi, hukamata alkoholi na kuiunganisha na oksijeni ya hewa; zao lake mojawapo ni haidrojeni peroksaidi. Cha pili, peroksidezi, huichukua hiyo peroksaidi na kuiamsha rangi, nanyi mnaona kijani, kisha buluu. Kwa maneno mengine, stripu haiioni ethanoli, kile kileo chenyewe cha kunywa, moja kwa moja. Inaona peroksaidi, na haina habari imezaliwa na alkoholi ipi.

Tena kimeng'enya hicho cha kwanza kwa kawaida hutolewa kwenye hamira za jamii ya Pichia, ambazo zina uwezo wa kuishi kwa kula methanoli. Kwa asili yake kinaikimbilia methanoli kuliko ethanoli. Someni kile kikaratasi cha maelekezo kilichokunjwa ndani ya pakiti: mara nyingi watengenezaji wenyewe wameandika kwamba stripu huitikia methanoli na ethanoli pia. Hawakudanganya. Walikuwa wanawaza dereva na trafiki, wala si mtambo wa kukeneka.

Halafu kuna suala la nguvu. Stripu za mate zimepangwa kusoma kileo cha kati ya asilimia 0.02 na 0.3 hivi. Ninyi mnaichovya kwenye kitu cha asilimia 40, pengine 60. Rangi inafika mwisho wake papo hapo, na pombe kali kiasi hicho inaweza hata kukivuruga kimeng'enya chenyewe. Ndiyo maana mwanzo, katikati na mwisho vimefanana.

Mtu atasema: basi tuzimue kwa maji. Sawa, tupige hesabu. Chukulieni pombe kali ya matunda yenye gramu 5 za methanoli kwa kila lita ya alkoholi tupu, kiwango cha kawaida kabisa kwa pombe ya matunda. Lita moja ya asilimia 40 itakuwa na mililita 400 za ethanoli na takriban mililita 2.5 za methanoli. Ukiizimua mara 200 ili stripu iweze kusoma, ethanoli inabaki asilimia 0.2 na methanoli asilimia 0.00125. Hapo mnataka kusikia sauti ya mtu mmoja ndani ya uwanja wenye watu 160 wanaopiga kelele ileile. Hilo ndilo tatizo la stripu karibu zote kwenye kazi hii: zinaitikia kundi zima la alkoholi, na ethanoli ndiyo iliyojaa.

Sasa zile za pili, za methanoli. Vipimo vya kweli vya rangi kwa ajili ya methanoli vipo, na maabara zimevitumia miaka mingi kabla ya mashine za kisasa. Njia inayoheshimika zaidi huenda hivi. Sampuli hukenekwa kwanza ili kuondoa sukari na rangi. Kisha hutiwa potasiamu pamanganeti, ile ya zambarau inayouzwa duka la dawa, pamoja na asidi ya fosforiki. Methanoli hugeuka fomaldehaidi. Ethanoli hugeuka asetaldehaidi. Zambarau ya pamanganeti iliyobaki hufutwa. Ndipo huongezwa asidi ya kromotropiki na asidi ya salfuriki kali, na mchanganyiko hupashwa moto. Fomaldehaidi hutoa zambarau nyingine, nzito, ambayo asetaldehaidi haiitoi. Ujanja wote uko hapo: alkoholi mbili zinazofanana sana zinageuzwa kuwa aldehaidi mbili, kisha inatafutwa kemikali inayoijua moja tu.

Mmeona hatua zilivyo nyingi. Asidi ya salfuriki kali haikai kwenye kijikaratasi. Kwa hiyo anayewauzia stripu ya kuchovya mara moja amekata kona mahali fulani. Ama ndani yake kuna alkoholi oksidezi ileile ya stripu za mate yenye jina jipya kwenye boksi, ama kuna rangi inayoitikia aldehaidi yoyote. Na aldehaidi ipo katika kila pombe kali duniani, asetaldehaidi hasa, tena nyingi kwenye inayotoka mwanzo. Ndiyo maana zenu zimegeuka hata kwenye chupa ya dukani. Kipimo kinachoitikia kila chupa hakijawaambia lolote kuhusu chupa yoyote.

Vipo pia vifurushi vya matone: vichupa vidogo viwili vitatu, unatia moja, unasubiri dakika kadhaa, unatia nyingine. Hivyo hufuata ile njia ndefu kwa ufupi na vinastahili kujaribiwa. Lakini kabla ya kukiamini, kipeni mtihani. Wekeni glasi tatu: ya kwanza maji matupu, ya pili pombe kali isiyo na rangi wala sukari kutoka kiwanda chenye leseni, yenye stempu ya kodi, ya tatu pombe hiyohiyo iliyotiwa methanoli kwa kipimo kinachojulikana, asilimia 1 kwa mfano. Hiyo ya tatu msiitengeneze wenyewe nyumbani. Mwalimu wa kemia mwenye maabara anaweza kuiandaa, kuiwekea alama, kuitumia mbele yenu na kuimwaga palepale. Kipimo kisichotofautisha ya pili na ya tatu, rudisheni dukani kama wanarudisha.

Mwalimu huyohuyo huenda akawatajia majaribio ya sekondari, nami nitayapitia haraka. Daikromati ya rangi ya chungwa hugeuka kijani kwa ethanoli, kwa methanoli na kwa nyingine nyingi, kwa hiyo haitofautishi. Jaribio la iodofomu hutoa unga wa njano wenye harufu ya hospitali kwa ethanoli, na methanoli haitoi. Hilo ni zuri ukiwa na methanoli peke yake kwenye testi tyubu. Kwenye mchanganyiko ethanoli itatoa ule unga na mwenzake atapita kimya. Asidi ya salisiliki nayo hutoa na methanoli harufu kama dawa ya kuchua misuli, na ethanoli hutoa inayoikaribia. Yote ni majaribio ya kutambua kitu kimoja kisafi. Kinachotoka kwenye bomba lenu si kitu kimoja.

Na moto? Najua huko kijijini watu wanachovya kidole, wanawasha, wakiona buluu wanasema safi. Ethanoli iliyochanganyika na maji huwaka buluu. Methanoli huwaka buluu hafifu. Zikichanganyika zinawaka buluu. Mwali unaweza kukuambia kwamba kileo kimezidi nusu hivi, basi. Anayeupima usalama kwa kiberiti anajidanganya.

Nije kwenye kikombe cha kwanza, maana hapa hata wataalamu kadhaa hukosea. Hoja ya wazee ina mantiki ya juu juu: methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7, ethanoli 78.4, maji 100, basi methanoli itangulie. Ingekuwa hivyo kama kila moja ingekuwa ndani ya chungu chake. Uraka wenu, yaani juisi ya mabibo iliyochacha, wenye kileo cha asilimia 6 au 7 ni maji kwa sehemu kubwa sana, na huanza kuchemka karibu nyuzi 94 au 95. Ukitazama kipimajoto hutaona kikisimama 64, wala 78. Kitaonyesha uwiano wa maji na ethanoli uliobaki, na kitapanda taratibu kadiri ethanoli inavyoisha.

Ndani ya maji mengi namna hiyo, methanoli haina haraka. Ni molekuli ndogo inayoshikamana na maji vizuri kuliko ethanoli. Ethanoli ina mkia mrefu kidogo ambao maji hayaupendi, hivyo inasukumwa kwenye mvuke kwa urahisi zaidi. Matokeo yake, kwenye mtambo wa kawaida wa pipa na bomba, methanoli hutoka kidogokidogo tangu mwanzo hadi mwisho, na ukiilinganisha na ethanoli inayobaki, sehemu yake kule mwishoni huongezeka. Mkimwaga kikombe cha kwanza mnapunguza methanoli kidogo tu, karibu sawa na mngemwaga kikombe chochote kingine.

Zile "nzito za mwisho" nazo zina hadithi ya kinyume. Isoamili alkoholi huchemka kwenye nyuzi 131, na mtu angedhani itasubiri hadi maji yaishe. Lakini maji hayaitaki kabisa. Huisukuma nje, na kwenye uraka hafifu sehemu kubwa yake hupanda mapema pamoja na ethanoli. Kinachojaa mwishoni ni maji, asidi, furfurali na vitu vya harufu nzito. Kwa hiyo ile orodha ya nyuzi za kuchemkia ambayo kila mtu anaibandika ukutani inapotosha kotekote: wa kutangulia anachelewa, wa kuchelewa anatangulia.

Kwa nini basi mmwage ya mwanzo? Kwa sababu ndiyo yenye asetaldehaidi na ethili asetati kwa wingi. Hizo kweli zinatangulia, na pua inazijua. Chukueni tone kwenye kiganja, sugueni viganja viwili, nuseni mara moja: kama inapiga harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha au gundi ya fundi viatu, bado hamjafika katikati. Endeleeni kukinga kwenye vyombo vidogo, mililita 200 au 250 kila kimoja, mkivipa namba kwa mpangilio wa kutoka. Viacheni wazi usiku kucha vikiwa vimefunikwa kitambaa, mbali na moto. Asubuhi zimueni kidogo kutoka kila chombo hadi karibu asilimia 30, kisha nuseni upya. Hapo ndipo mstari unapoonekana. Chombo namba 2 kinachoma puani, namba 5 kina harufu ya bibo lenyewe, tamu na kali kidogo, na namba 14 kinanuka boksi lililolowa mvua. Ya mwisho mara nyingi pia hufanya ukungu mkiitia maji. Katika kazi hii pua iliyozoezwa inashinda stripu yoyote niliyoiona, mradi mjue pua hiyohiyo haiwezi kunusa methanoli ndani ya ethanoli.

Sasa methanoli yenu wenyewe inatoka wapi? Haitengenezwi na hamira kwa kula sukari. Inatoka kwenye pektini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyama ya tunda. Tunda lina kimeng'enya chake kinachobandua vipande vya methili kwenye pektini, na kila kipande kinachobanduka ni methanoli. Ndiyo maana pombe ya molasi au ya nafaka huwa na kidogo mno, na ya matunda huwa na zaidi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unairuhusu vodka hadi gramu 10 tu za methanoli kwa kila lita 100 za alkoholi tupu, lakini pombe kali za matunda nyingi huruhusiwa hadi gramu 1,000, na baadhi ya matunda zaidi ya hapo. Bibo ni tunda, lina pektini. Wenzetu wa Goa, India, ambao feni yao ya mabibo ilipewa ulinzi wa jina la kijiografia mwaka 2009, wanapika tunda hilohilo.

Hapa mna nafasi ya kufanya kitu, na ni kabla ya mtambo kuwashwa. Kamueni mabibo siku ileile yalipookotwa, chujeni vizuri, chachusheni maji yake tu. Makapi na nyama vikikaa siku tatu ndani ya pipa, vimeng'enya vinaendelea kubandua. Mkiweza kupasha juisi hadi nyuzi 80 au zaidi kwa muda mfupi kisha mkaipoza kabla ya kutia hamira, mtakuwa mmekiua kimeng'enya hicho kwa sehemu kubwa. Na msinunue ule unga wa kulainisha matunda unaouzwa kwa watengeneza juisi: unaongeza maji yanayotoka, ila baadhi yake unaongeza na methanoli. Watu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, pale Mtwara wamefanya kazi ya mabibo muda mrefu. Wapelekeeni maswali ya uchujaji na uchachushaji.

Lakini lazima niseme wazi: methanoli ya tunda, kwa mtambo ulioendeshwa vizuri, siyo iliyojaza makaburi Afrika Mashariki. Rudini kwenye hesabu yetu. Lita nzima ya pombe yenu ingekuwa na mililita 2.5, ikiwa imezungukwa na ethanoli mara 160, na ethanoli hiyo yenyewe huchelewesha mwili kuigeuza methanoli kuwa sumu. Ethanoli itakuwa imekuumiza siku nyingi kabla. Linganisheni na chupa ambayo muuzaji ameijaza methanoli ya viwandani hadi asilimia 20. Toti moja ya mililita 30 ina mililita 6. Toti tano, mililita 30. Methanoli tupu ya mililita 10 imewahi kupofusha watu, na 30 zimewahi kuua.

Ndivyo ilivyokuwa Nairobi Novemba 2000, walipokufa watu zaidi ya 130. Ndivyo ilivyokuwa Kabale, Uganda, mwaka 2010, na kaunti kadhaa za Kenya Mei 2014, walipokufa zaidi ya 80, na Kirinyaga Februari 2024, angalau 17. Methanoli ya kiasi hicho haizaliwi kwenye pipa la mabibo, molasi wala mahindi. Inatoka kwenye madumu ya viwandani, ambako hutumika kutengenezea rangi, gundi na viyeyushi. Ni rahisi, haina harufu ya kuitambulisha, na aliyekosa uaminifu huiongeza baada ya kukeneka ili pombe ionekane kali. Hapa kwetu kemikali za viwandani zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya mwaka 2003, na dumu la methanoli lina karatasi zake. Kwa hiyo kama siku moja mtashawishika kununua "spiriti" ya kuongezea pale mzigo unapopungua, hapo ndipo hatari itakapoingilia mlango wa kikundi chenu, wala si kwenye kikombe cha kwanza.

Na haidromita haitawaokoa. Methanoli ina uzito wa gramu 0.791 kwa mililita, ethanoli 0.789. Kile chombo cha kioo kinachoelea kitasoma asilimia 40 kwa furaha ileile kwa mojawapo. Kuna ujanja mmoja mdogo: refraktomita, ile darubini ya mkono ya kupimia sukari ya juisi, ambayo nadhani mnayo tayari. Ethanoli ya asilimia 40 hupinda mwanga hadi karibu 1.355, ambayo kwenye kipimo cha sukari husomeka karibu 15. Methanoli na maji kwa usomaji huohuo wa haidromita hufika 1.341 tu, yaani karibu 5 au 6. Haidromita ikisema 40 na refraktomita ikasema 10, msinywe, msiuze. Ila kifaa hiki hukamata uchakachuaji mkubwa tu. Methanoli ya asilimia 1 kitaipita, na pombe ikiwa na sukari au rangi usomaji unavurugika kabisa.

Dalili lazima mzijue pia, maana mtakuwa mnauza kwa watu. Mwili hugeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, kisha asidi fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia neva ya jicho. Huchukua muda: mara nyingi saa 12 hadi 24, na zaidi kama ilinywewa pamoja na ethanoli. Mtu anaamka akidhani ana hangova, tumbo linauma, anahema haraka, kisha anasema anaona ukungu mweupe. Huyo ni wa hospitali dakika hiyohiyo, pamoja na chupa aliyonywea. Zipo dawa za kuzuia ugeuzaji huo na mashine za kusafisha damu. Kumlaza apumzike kunampotezea saa ambazo hana.

Stripu msizitupe zote. Za kupima uchachu ni nzuri sana kwenye juisi na uraka, nunueni zinazosoma kati ya 3 na 6. Za kupima shaba zitawasaidia kama bomba lenu ni la shaba na mnaona maji ya mwisho yana ukijani. Kama mna rejeta ya gari kuukuu mahali pa kupoozea, haihitaji stripu: itoeni leo, ina risasi kwenye viungio.

Kuhusu leseni, msiendelee na majaribio kijijini kabla haijatoka. Pombe ya moshi ina sheria yake tangu 1966, na jaribio nalo ni kukeneka. Ofisi ya SIDO Mtwara, shirika la viwanda vidogo, inaweza kuwaonyesha pa kuanzia, na TBS, shirika la viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linaloshughulikia usalama wa chakula, litataka kuona eneo na sampuli.

Jibu la kweli la swali lenu, alkoholi ipi iko humu na kwa kiasi gani, linatolewa na kromatografia ya gesi. Sindano moja ndogo ya sampuli inapita ndani ya bomba jembamba refu lililopashwa moto, kila alkoholi inatoka kwa wakati wake, na karatasi inachora mlima mmoja kwa methanoli, mwingine kwa ethanoli, mwingine kwa propanoli, mwingine kwa isoamili. Chini ya nusu saa kazi imekwisha. Hamhitaji kuipima kila siku. Pimeni ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho za mapishi mawili matatu ya kwanza, halafu mzigo mmoja kila mnapobadilisha tunda, hamira au njia ya kukamua. Wekeni kwenye chupa safi za kioo zilizojazwa hadi shingoni, mfuniko umekazwa, lebo yenye tarehe, namba ya pishi na namba ya chombo, na mbakize chupa pacha ofisini kwenu. Mkifika maabara msiandike tu "kupima kileo" kwenye fomu, maana watawapa asilimia na kuwaaga. Andikeni mnataka methanoli, asetaldehaidi, ethili asetati na alkoholi za juu (zile nzito, kama isoamili), kila moja kwa gramu kwa kila lita 100 za alkoholi tupu.